Lindo Limehamishiwa Wapi

3 Juni

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Wakazi wa Mtaa

Mwenyekiti,

Baba yetu alipotea Jumanne, tarehe 14 Mei, asubuhi. Benchi alilokuwa akikalia liling'olewa Jumatatu, tarehe 13 Mei. Nimeziweka tarehe hizi mbili karibu karibu ili usipate tabu ya kuziunganisha.

Umoja wako haupokei malalamiko kwa simu wala kwa mdomo. Nilipokuwa hapo mtaani kumtafuta baba nilikufuata mara mbili kwenye duka lako la dawa, na mara zote mbili uliniambia, "Andika, Bi Fundi. Utaratibu ni kuandika." Mtu ana picha ya mzazi wake mkononi, viatu vimejaa vumbi la mitaa ya watu, unamwambia aandike. Haya, nimeandika.

Najua mtajifanya hamkumbuki lile benchi lilifikaje hapo, kwa hiyo nakumbusha. Baba alikuwa mlinzi miaka thelathini na moja. Alilinda mageti sita, mengine mbali na mengine karibu. Akili ilipoanza kumtoka ilimtoka yote isipokuwa kitu kimoja: kila asubuhi lazima aende kazini. Anavaa koti lake la kaki, anafunga vifungo mpaka cha shingoni, anatoka. Mara ya kwanza tulimwokota kituo cha mabasi. Mara ya pili tulimkuta kwenye geti la shule, anakagua mikoba ya walimu, na walimu wamepanga foleni kwa heshima.

Ndipo nikatengeneza benchi. Nililitengeneza mwenyewe, kwenye karakana yangu ya makochi: mita moja na sentimita themanini, mbao ngumu, miguu ya chuma. Nikalisafirisha kwa lori, nikaja kulisimika mbele ya duka la Mama Chenji, jirani na saluni ya mdogo wangu kinyozi. Kibali mlinipa ninyi. Baba alilikagua, akazunguka nyuma, akalikalia, na tangu siku hiyo likawa lindo lake. Aliwauliza wapita njia vitambulisho. Wenye utani walimwonyesha kadi za kliniki, naye akawaruhusu. Saa saba mchana Mama Chenji alitoka dukani akamwambia, "Zamu imekwisha, Mzee," naye akapiga saluti, akarudi kula nyumba namba 17, anakoishi na mdogo wangu. Mtaa mzima ukamwita Mzee Lindo. Miaka sita hakupotea hata mara moja.

Miguu ya benchi lile niliizamisha sentimita sitini ndani ya zege. Kitu cha namna hiyo hakianguki chenyewe, wala hakiibwi na wahuni. Kuna watu walikaa wakaamua.

Nataka mambo matatu. Nani alilalamika. Nani aliamua. Na benchi lirudishwe mahali pale pale, litazame kule kule lilikokuwa likitazama. Kama baba yuko hai, macho yake hayamjui mtu, ila miguu yake inalijua lile benchi.

Binti Mkubwa wa Mzee Lindo,
fundi makochi

*

8 Juni

Bi Fundi,

Barua yako imepokelewa na kuwekwa kwenye jalada. Kwanza, kwa niaba ya Umoja, nakupa pole kwa mtihani uliowapata. Mzee Lindo alikuwa mzee wetu sote.

Kuhusu benchi: Umoja ulipokea ombi la mkazi kwamba liondolewe. Sababu zilizotolewa ni kuchakaa kwa mbao na kukusanyika kwa vijana wasio na shughuli. Ombi lilijadiliwa na kukubaliwa. Jina la mwombaji halitolewi. Huo ndio utaratibu wetu tangu mwanzo, na unawalinda wote, pamoja na wewe uliyewahi kuandika kuhusu muziki wa jirani wa kushoto wa baba yako.

Kulirudisha benchi kunahitaji ombi jipya, litakaloingizwa kwenye ajenda ya kikao kijacho. Kikao ni mwisho wa mwezi, akidi ikitimia.

Nakushauri kama ndugu: elekeza nguvu kwenye kumtafuta Mzee. Mambo ya benchi hayatamrudisha.

Mwenyekiti

*

11 Juni

Kitinda, mdogo wangu,

Simu hupokei. Ukipokea unasema una kichwa cha mtu mkononi. Basi nakuandikia, na nampa dereva wa basi akukabidhi mwenyewe, maana barua haiwezi kujifanya mtandao unasumbua.

Nimepata majibu ya Bwana Taratibu. Ukurasa mzima, na ndani yake hamna kitu. Eti mbao zilichakaa. Mbao nilizozipiga vanishi mimi mwenyewe Desemba, wewe ukanishikia kopo. Eti vijana wanakusanyika. Kijana gani angekaa kijiweni na Baba pembeni anamdai kitambulisho? Halafu eti kuna "mkazi" aliomba, na jina lake ni siri ya serikali.

Mimi namjua huyo mkazi. Ni Mama Chenji. Tangu mwaka jana analalamika hana pa kuweka friji la pili, na pale penye benchi ndipo pa kuliweka. Miaka sita anamwambia Baba "Zamu imekwisha" kwa sauti tamu, kumbe anahesabu sentimita. Nimeshamwandikia barua yake, na sikumpaka mafuta.

Sasa nakuomba. Wewe uko hapo, macho yangu ni wewe. Nenda kamuulize katibu, kamuulize yeyote, nani hasa alipeleka lile ombi. Watakuambia, wewe ni mtoto wa pale, unawanyoa wote. Na unieleze tena ile asubuhi ilikuwaje. Ulipokuwa ukinieleza tulikuwa tunatembea, mimi nachungulia kila uchochoro, sikushika vizuri. Baba alitoka saa ngapi? Alivaa koti? Alikwenda upande gani? Tulitafuta upande wa soko na hospitali kwa sababu wewe ulisema huko. Nani alikuambia huko?

Msalimie wifi. Mwambie nalijua zigo alilobeba.

Dada yako

*

16 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua nimepata. Wifi yako anakusalimu, hajisikii vizuri, daktari kasema apumzike.

Dada, nakuomba yaache haya mambo ya Mwenyekiti. Sisi tunaishi hapa. Wewe ukiandika barua kali unalala huko kwako, mimi asubuhi namnyoa mtoto wake. Nilimuuliza katibu, hana analojua. Huenda ni Mama Chenji kama unavyosema, huenda siye. Hata tukijua itatusaidia nini?

Mbao zipo. Walizileta nyumbani, nimezisimamisha nyuma ya jiko, zimefunikwa, mvua haizipati.

Ile asubuhi hakuna zaidi ya nilichokwambia. Mimi sikumwona Baba. Nilipofungua saluni alikuwa ameshapita. Upande wa soko nilikisia tu, kwa sababu watu wengi huenda huko asubuhi.

Polisi nilikwenda Alhamisi. Wamesema hakuna jipya.

Usijichoshe, Dada. Kula. Najua ukiwa na jambo huli.

Kitinda

*

20 Juni

Kwa binti wa Mzee Lindo,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikampa mume wangu anisomee labda mimi ndiye sioni vizuri. Tukakubaliana kwamba umenitukana.

Mimi nina midomo na ninajua kuitumia, waulize wateja wangu. Miaka yote hii wananiita Mama Chenji kwa sababu nikikosa chenji nakupa kiberiti, na anayelalamika nampa kiberiti cha pili. Lakini kumwondolea mzee kiti ili niweke friji? Friji la pili nililiuza mwezi wa tatu, mwanangu. Ungeuliza ningekuambia.

Nani alimtunza baba yako mchana ukiwa huko na makochi yako? Jua likipiga nilimtolea mwavuli. Akilowa nilimpa taulo. Akiniuliza kitambulisho nilimwonyesha kadi yangu ya kupigia kura, kila siku, naye kila siku akaisoma mbele na nyuma na kuniambia picha haifanani nami. Siku niliyougua nikamtuma binti wa jirani aseme "Zamu imekwisha," Mzee alikataa kuondoka, akasema hamjui huyo kamanda. Ilibidi nije mimi, na homa yangu, na kanga kichwani. Halafu leo unaniandikia eti nilikuwa nahesabu sentimita.

Sasa nitakuambia nilichokiona, ambacho ulipokuwa hapa sikukuambia, kwa sababu kila ulipoingia dukani mdogo wako alikuwa nyuma yako, na mimi nikadhani mmeshaelezana ndani. Mambo ya ndugu nani ayaingilie?

Barua ya ombi siijui, sikuiona. Lakini aliyeling'oa benchi namjua. Si fundi wa Umoja. Fundi alikuja, akagonga mara mbili tatu, akasema zege hili la nani, akaondoka. Mdogo wako alitoka saluni na tindo na nyundo, akapiga tangu asubuhi mpaka mchana, jasho linamtiririka. Nikamuuliza, "Kitinda, na Mzee je?" Akasema, "Mzee leo hatoki, Mama. Kuanzia leo Mzee anapumzika." Siku hiyo kweli Mzee hakutoka. Nilisikia anagonga mlango kwa ndani.

Jumanne alitoka. Sijui nani alifungua. Alikuja na koti lake, vifungo vyote, akasimama pale penye saruji mbichi. Hakukaa chini, hakulia. Alisimama wima, mikono ubavuni. Nilikuwa nampimia mtu sukari. Nikasema nimalize nimtolee kiti cha ndani. Kabla sijamaliza akaenda mlangoni kwa mdogo wako, ambaye alikuwa anamnyoa mtu. Akauliza. Swali nililisikia, maana baba yako alikuwa na sauti ya geti: "Afande, lindo limehamishiwa wapi?"

Jibu sikulisikia. Mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma. Niliona mdogo wako amefungua mdomo, nikaona yule aliyekaa kwenye kiti anacheka mpaka kitambaa kinamtikisika mabegani. Na nikamwona Mzee amebana visigino, akapiga saluti, akageuka, akaenda. Hakwenda upande wa soko. Alikwenda kushoto, kwenye barabara kubwa, kwa hatua za mtu mwenye kazi.

Nikasema moyoni, wamemwelekeza azunguke arudi nyumbani kwa nyuma. Nilikuwa na wateja wanne. Ndivyo nilivyosema moyoni, na tangu siku ile sijasema kitu kingine.

Sikudai uniombe radhi. Friji siku nyingine uulize kwanza.

Mama Chenji

*

23 Juni

Mwenyekiti,

Sitaki jalada, sitaki ajenda. Nina swali moja la jibu la neno moja. Ombi la kuondoa benchi lilitoka nyumba namba 17?

Binti wa Mzee Lindo

*

26 Juni

Bi Fundi,

Barua hii haina nambari na sikuiweka nakala. Kwa mara ya kwanza tangu nishike kiti hiki naandika nje ya utaratibu, na nikimaliza nitajuta.

Ndiyo.

Alikuja kwangu jioni, yeye na mkewe. Hakuja na barua. Barua niliiandika mimi, pale pale juu ya kaunta ya dawa, akatia sahihi. Maneno ya mbao kuchakaa na vijana kukusanyika ni yangu. Yeye alilosema ni hili: "Mwenyekiti, lile benchi ndilo linamtoa Baba nje. Likiondoka atakosa pa kwenda, atatulia ndani." Mkewe alikuwa amebeba mimba yao, hii iliyoharibika mwezi huo huo wa tano, siku chache baada ya Mzee kupotea. Labda hilo hukuambiwa. Mdogo wako alilia mbele ya wateja wangu. Nikampa kiti.

Kikao kilikuwa cha watu watatu: mimi, katibu na mweka hazina. Hatukubishana. Tulijiambia anayeishi na mgonjwa ndiye anayemjua mgonjwa. Na nikuambie jambo ambalo hutalipenda: wewe tulikuwa tukikuona mtaani mara mbili kwa mwaka, na kila ulipokuja ulikuja na vipimo. Tulimsikiliza aliyekuwepo.

Tulikosea. Mimi nauza dawa za wazee kila siku, nilipaswa kujiuliza mara mbili. Lakini usimponde yule kijana. Nilimwahidi jina lake halitatoka, na sasa nimelitoa. Nimemwambia kwamba nimelitoa. Atakuandikia.

Mwenyekiti

*

29 Juni

Dada,

Haya, umejua. Umefurahi?

Nilikwenda kwa Mwenyekiti, nikatia sahihi, nikashika tindo. Zege lako lilinitoa malengelenge mikono yote miwili. Kila kitu chako, Dada, kimejengwa kisiweze kutoka.

Unajua kuishi na Baba ni nini? Huijui. Wewe unapiga simu: "Amekula? Amevaa koti? Amerudi saa saba?" Unauliza kama mtu anayekagua kochi kabla halijapakiwa. Mimi naingia chumbani kwangu, kwenye nyumba niliyozaliwa, mzee amesimama mlangoni ananidai kitambulisho. Namwambia Baba, ni mimi. Ananiambia kila mwizi husema hivyo. Wakwe zangu walikuja kutusalimia, akawazuia getini, akampekua mama mkwe mkoba. Mke wangu alikuwa akimfulia mashuka kila asubuhi na tumbo lake lile, na mzee anamwita "wewe msafishaji."

Na saluni je? Kila anayekalia kiti changu anaanza: "Kitinda, leo afande kakuruhusu kufungua?" Wanacheka. Na mimi nacheka, kwa sababu mteja anayecheka anarudi. Miaka sita nacheka, Dada. Namcheka baba yangu kwa wembe mkononi, kisha jioni namwosha miguu.

Nilidhani benchi ndilo linalomvuta. Nilidhani likiondoka, asubuhi akichungulia nje akaona pako wazi, atarudi ndani avue koti. Nilidhani atasahau. Anasahau kila kitu, anasahau jina langu, kwa nini asisahau hilo? Mke wangu daktari alikuwa amemwambia apumzike, asinyanyue kitu. Nilitaka wiki moja. Baba akae ndani wiki moja tu, tupumue.

Wewe ulituma benchi, mimi nilibaki na Baba. Ukitaka kunihukumu, nihukumu kwa hilo pia.

Mtoto alikuwa wa kiume. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unatafuta, na nikaona msiba mmoja unakutosha.

Mbao bado ziko nyuma ya jiko. Sizitazami.

Kitinda

*

1 Julai

Kitinda,

Nimeisoma barua yako mchana, karakanani, mbele ya mafundi wangu. Nikawaambia wazime cherehani. Walidhani kuna mtu amefariki, na sikuwasahihisha, kwa sababu yupo.

Kwanza huyo mtoto. Pole, mdogo wangu. Mpe wifi pole yangu, mwambie sikujua, na mwambie nimechukia kwamba sikujua. Tutamlilia tukikaa pamoja. Kwa barua siwezi.

Pili, yale uliyoyasema juu yangu. Kwamba nilituma mbao na vyuma na saruji, nikajiona nimemaliza. Kuna ukweli ndani yake, na si mdogo. Sitakubishia. Siku ya kunidai hilo itafika na utanikuta.

Tatu, benchi. Ulikosea, Kitinda. Benchi halikuwa likimvuta Baba. Baba alikuwa anakwenda kazini, angekwenda kazini hata pangekuwa hakuna barabara. Benchi lilikuwa linamshika. Lilikuwa linamwambia, umefika. Ulipoling'oa hukumwondolea pa kwenda, ulimwondolea pa kufika. Lakini hilo ni kosa la mtu aliyechoka. Bwana Taratibu na wenzake hawakuwa wamechoka, na wao wakakuandikia barua nzuri ya kukosea. Kosa lako hilo la benchi nitajaribu kukusamehe. Nikishindwa nitakuambia nimeshindwa.

Lakini barua yako ndefu yote, kurasa mbili na pembeni, umenijibu kila kitu isipokuwa nilichokuuliza. Nilikuuliza ile asubuhi ilikuwaje. Tarehe 16 uliniandikia, "Mimi sikumwona Baba." Safari hii hukuandika kitu. Umeruka kutoka kwenye tindo mpaka kwenye mbao za nyuma ya jiko, na katikati pana Jumanne nzima.

Mama Chenji alikuona. Alikuona unanyoa, akamsikia Baba anakuuliza lindo limehamishiwa wapi. Jibu lako hakulisikia kwa sababu ya mashine. Aliona umefungua mdomo. Alimwona mteja anacheka. Alimwona Baba anapiga saluti na kushika barabara kubwa, kushoto, si upande wa soko. Siku tisa ulinizungusha upande wa soko. Nilifungua milango ya vyumba vya maiti upande ambao hakwenda, na wewe ulinishikia mlango.

Simwulizi Mama Chenji anisaidie kukisia. Nakuuliza wewe.

Sikiliza sasa, maana hapa ndipo ninapohitaji akili yako na si machozi yako. Baba alilinda sehemu sita. Kiwanda cha nyuzi, ghala la mahindi, karakana ya reli, bohari ya saruji, benki, na ile hospitali ya zamani. Ukishika barabara kubwa kushoto unafika kwenye njia panda, na hapo zinagawanyika. Kiwanda na reli viko mkono mmoja, bohari na ghala mkono mwingine, hospitali hiyo ya zamani mbele moja kwa moja, na benki ilibomolewa. Nina gari moja nililokodi na siku tatu za kulitumia. Nikienda kote kidogo kidogo sitampata popote. Nikijua ni wapi, nitashuka kwenye kila mtaro na kuuliza kila mlango mpaka huko.

Najua ulimtania. Mteja alikuwa kitini, ulikuwa na aibu, benchi ulikuwa umeling'oa jana yake na mzee huyu amekuja tena na vifungo vyake. Ukataja mahali. Au ukasema neno la kumfukuza tu, ambalo mtu hawezi kuliandika kwa dada yake. Liandike. Kwako ulikuwa utani wa saluni. Kwa Baba ilikuwa amri, na Baba hajawahi kukaidi amri. Aliisikia, akapiga saluti, akaenda kuitimiza. Popote alipo, hai au maiti, yuko kwenye lindo ulilompangia wewe.

Sijidanganyi. Wiki saba karibu, mzee wa umri ule. Najua ninachoweza kukikuta. Hata kama ni koti tu, nataka nilikute mimi.

Nimetengeneza benchi jingine. Limelala kwenye gari tayari, pamoja na saruji. Litasimama pale pale, na Mama Chenji ameshakubali. Mwenyekiti sikumwomba kibali. Mbao za nyuma ya jiko zichome au uzilalie, shauri yako.

Dereva wa basi atakupa barua hii kesho. Alhamisi anageuza kurudi huku, na nimemlipa asimame mbele ya saluni yako. Atangoja mpaka saa kumi jioni, kisha anaondoka, uwe umeandika au hujaandika. Ijumaa alfajiri mimi nashika njia. Usiniandikie pole. Usiniandikie sababu, sababu nimeshazisoma na nyingine nimeziamini. Usimtume wifi anipigie.

Alikuuliza lindo limehamishiwa wapi. Ulimjibu nini? Neno kwa neno, mkononi mwa dereva, Alhamisi, kabla ya saa kumi.

Dada yako